Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kunguni Mnyonya Damu wa Jangwa la Sonora

Majibu haya yanamhusu Triatoma rubida, kunguni wa jangwani anayepatikana kusini-magharibi mwa Marekani, hasa kusini mwa Arizona, na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Ni kwa ajili ya wanaoishi, wanaofanya kazi au wanaolala kambini katika eneo hilo. Wengi huanza kwa kuuliza kuhusu ugonjwa wa Chagas, unaoletwa na kimelea kinachobebwa na kunguni wa aina hii. Tungependa waanze na mzio na viota vya panya, maana huko ndiko yanakotoka matatizo mengi ya kila mwaka.

Huyu ndiye kunguni wa kitandani?

Siye. Kunguni wa kitandani (Cimex lectularius) ana urefu wa milimita 5 hivi, hana mabawa ya kurukia, na huzaliwa, huishi na kufa ndani ya nyumba. Triatoma rubida ni mkubwa mara tatu au nne, anaruka, na kwao ni nje.

Yeye ni wa familia ya Reduviidae, yaani kunguni wauaji. Karibu wote katika familia hiyo huwinda wadudu wenzao: humchoma windo kwa mdomo wenye umbo la mrija, humtia mate yanayompooza na kumyeyusha kwa ndani, kisha humfyonza. Nusufamilia moja, Triatominae, imeacha uwindaji ikageukia damu ya wanyama wenye uti wa mgongo. Marekani ina spishi 11 za kundi hilo. Huko Arizona watu hukutana hasa na tatu: T. rubida, T. protracta na T. recurva, na maeneo ya mji wa Tucson huyo wa kwanza ndiye anayeonekana majumbani mara nyingi zaidi. Wengine humwita kunguni wa busu.

Nitamtambuaje kwa uhakika?

Mtie kwenye glasi au chupa inayoonyesha ndani, kisha mwangalie juu na chini. Usimshike.

Kwa juu: mkubwa aliyekomaa ana milimita 15 hadi 23. Mwili ni mweusi au wa kahawia iliyokoza. Kingo za tumbo hujitokeza nje ya mabawa, nazo zina mabaka ya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Akiwa na njaa ni bapa kabisa. Akishiba tumbo huvimba likaning'inia. Kichwa ni chembamba na kirefu, macho yamekaa nyuma, na vipapasio vimeota katikati ya jicho na ncha ya kichwa.

Kwa chini ndiko kwenye ushahidi wenyewe. Tazama mdomo uliokunjwa chini ya kichwa. Wa mnyonya damu ni mwembamba, umenyooka, una pingili tatu, na ncha yake haipiti mashina ya miguu ya mbele. Wa kunguni mwindaji ni mnene na umepinda, kiasi kwamba huacha uwazi kati yake na kichwa. Wa kunguni anayefyonza utomvu wa mimea ni mrefu, una pingili nne, na mara nyingi hufika katikati ya miguu.

T. protracta ni mweusi mtupu, hana mabaka ya chungwa. T. recurva ni mrefu zaidi, anakaribia milimita 30, wa kahawia mwenye kingo za chungwa. Tahadhari kwa wote watatu ni ile ile, kwa hiyo usikeshe ukijaribu kuwatofautisha.

Ukitaka mtaalamu akutambulie kwa picha, piga mbili, ya mgongoni na ya tumboni, ukiweka rula pembeni. Picha moja yenye ukungu iliyopigwa kutoka mita mbili haimsaidii mtu yeyote.

Ni wadudu gani wanaochanganywa naye?

Anayeletwa mara nyingi kwa makosa ni Leptoglossus, mla mimea ambaye miguu yake ya nyuma imepanuka kama jani. Ukiuona upana huo mguuni, mwachie aende zake.

Wa pili ni Rasahus thoracicus. Huyu ni kunguni muuaji kweli, ana doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye kila bawa, naye huvutwa na taa usiku katika msimu ule ule. Hanyonyi damu ya mtu, lakini akibanwa huuma, na maumivu yake ni makali.

Maumivu yenyewe ni kipimo kizuri. Kunguni aliyekuuma ukaruka kwa uchungu ni mwindaji anayejitetea. Mnyonya damu hawezi kumudu kumwamsha anayemnyonya, ndiyo maana wengi hugundua asubuhi.

Jangwani anaishi wapi, na joto lile analivumiliaje?

Anaishi na panya. Mwenyeji wake mkuu, yaani mnyama anayemnyonya damu, ni panya wa jenasi Neotoma, ambaye hapa tutamwita panya mkusanyaji, kwa sababu ya tabia yake ya kurundika kila anachokiokota. Spishi ya kawaida Arizona ni Neotoma albigula. Kiota chake ni lundo la vijiti, vipande vya dungusi wa miiba mikali aina ya cholla, mifupa, mavi makavu na takataka zozote alizoziokota, na hukaa chini ya dungusi au kwenye shina la mti wa jamii ya mathenge. Lundo likikaa miaka mingi hufika kimo cha goti na kuzidi.

Mwezi wa Juni uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Ndani ya lundo, na hasa kwenye mashimo yaliyo chini yake, joto hupanda na kushuka polepole na unyevu hubaki. Mchana kunguni hulala humo. Usiku panya akirudi, chakula kimekuja chenyewe.

Maji yake yote anayapata kwenye damu. Kunguni wa kundi hili akishiba, muda si mrefu hutoa matone ya maji maji, akipunguza maji na chumvi zilizozidi ili abaki na kilicho kizito. Kisha anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kula tena.

Mayai hutagwa ndani ya takataka za kiota. Ni meupe, na hugeuka waridi kabla ya kuanguliwa. Tunutu, yaani kunguni mchanga, hupitia hatua tano, na kila hatua huhitaji damu ya kutosha ndipo aambue gamba. Tunutu hana mabawa. Kumbuka hilo, tutalirudia chini.

Mbona anaingia nyumbani Mei hadi Julai tu?

Huo ni msimu wa kuruka. Wakubwa, madume kwa majike, huondoka viotani usiku wa joto usio na upepo, kuanzia giza linapoingia na kwa saa chache baadaye. Wanatafuta mwenzi na mwenyeji mpya, na wengi wao wana njaa. Taa huwavuta. Mvua za monsuni zikishika, kwa kawaida mwezi wa Julai, mruko hupungua. Anaweza kuonekana miezi mingine, lakini kama una nguvu za msimu mmoja tu wa maandalizi, maliza kazi kabla ya Mei.

Kuingia kwake si dalili ya uchafu. Nyumba mpya safi iliyojengwa pembezoni mwa mji, katikati ya dungusi na viota, hupata kunguni wengi kuliko nyumba kuukuu ya katikati ya mji.

Anawezaje kunyonya mtu asiamke?

Mate yake yana vitu vinavyotia ganzi na vinavyozuia damu kuganda. Anakufuata kwa hewa unayoitoa puani na kwa joto la mwili, anachagua ngozi iliyo wazi, anachoma, na ananyonya kwa dakika 10 hadi 30. Uso husemwa sana, lakini mikono, mabega na miguu huumwa vilevile, maadamu haikufunikwa.

Alama ya kuumwa ikoje?

Kwa mtu mmoja ni kipele chenye kitundu katikati. Kwa mwingine ni uvimbe mwekundu wa moto wenye upana wa sentimita kadhaa, unaowasha kwa siku nyingi. Huenda zikawa kadhaa karibu karibu. Hakuna daktari awezaye kuiangalia alama peke yake akathibitisha ni kunguni gani. Kunguni mwenyewe ndiye ushahidi, kwa hiyo mtafute.

Nimeumwa. Nianze na nini?

1. Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni kabla ya kujikuna. Osha na mikono. Usijipikiche macho wala kushika mdomo kabla ya hapo.
2. Jiangalie kwa saa moja ya kwanza kama kuna dalili za mzio mkali (swali linalofuata). Kama upo peke yako, mwamshe mtu au mpigie simu jirani.
3. Mtafute kunguni. Akishashiba ni mzito na haendi mbali: kagua mishono ya godoro, chini ya mto, nyuma ya ubao wa kitanda, nyuma ya picha ukutani, na kwenye mikunjo ya pazia.
4. Weka kitambaa chenye maji baridi. Dawa ya mzio ya kumeza na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hutuliza mwasho.
5. Andika tarehe, saa, na mahali alipouma.

Mzio wa hatari una dalili zipi?

Hili ndilo swali ambalo tungelikoleza wino. Protini zilizo kwenye mate ya T. rubida na T. protracta zinaweza kusababisha mshtuko wa mzio, yaani mwili mzima kuitikia ndani ya dakika chache. Mara nyingi mtu huamka saa saba au saa nane usiku bila kujua kilichomwamsha: viganja na nyayo zinawasha, kichwa kinawasha, vipele vinatapakaa hata mahali ambapo hakuumwa. Kisha vinaweza kufuata uvimbe wa midomo au ulimi, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kuharisha, kizunguzungu au kuzirai.

Ikiwa pumzi au mzunguko wa damu umeguswa, au mifumo miwili ya mwili imehusika kwa pamoja, kwa mfano vipele pamoja na kutapika, hiyo ni dharura:

- Choma adrenalini ya kujidunga kwenye paja upande wa nje, hata kupitia nguo. Kipimo cha kawaida cha sindano ya mtu mzima ni miligramu 0.3; ya mtoto wa kilo 15 hadi 30 ni miligramu 0.15.
- Piga 911 (namba ya dharura Marekani na Meksiko pia).
- Lala chali, inua miguu. Anayeshindwa kupumua na akae. Usisimame ghafla.
- Kama hakuna nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, dozi ya pili inaruhusiwa.
- Usijiendeshe gari kwenda hospitali.

Kosa linalorudiwa ni kumeza kidonge cha mzio na kusubiri kuona kitakavyofanya kazi. Kidonge hupunguza mwasho. Hakifungui koo wala hakipandishi shinikizo la damu lililoporomoka.

Aliyewahi kupata vipele mwili mzima baada ya kuumwa anapaswa kumwona daktari wa mzio kabla ya msimu mwingine, na kulala na sindano karibu na kitanda. Isiachwe garini: joto la gari Arizona huiharibu dawa. Na ukweli kwamba uliumwa miaka mitano ukawashwa tu hauna dhamana ya mwaka wa sita, kwa kuwa mzio hujengeka kwa kuumwa mara kwa mara.

Nitapata ugonjwa wa Chagas?

Uwezekano kutokana na kuumwa mara moja na T. rubida ni mdogo, na sababu yake inaeleweka.

Ugonjwa huu huletwa na kimelea Trypanosoma cruzi, kilichoelezwa na daktari Carlos Chagas nchini Brazili mwaka 1909. Ni ndugu wa vimelea vya malale. Lakini mbung'o huingiza malale kwa mate anapouma, ilhali kimelea cha Chagas kimo kwenye kinyesi cha kunguni. Ili uambukizwe, kunguni awe na kimelea, akunyonye, anye juu yako au karibu na kidonda kabla hajaondoka, na kinyesi hicho kiingie kwenye tundu, jichoni au mdomoni, kwa kawaida kwa kujikuna.

Mnyororo huo hukatika hapo kwenye kinyesi. Baadhi ya spishi za Amerika Kusini hunya wangali wakinyonya. T. rubida na T. protracta kwa kawaida humaliza, hushuka, huondoka, ndipo hunya. Tena, wakati spishi kama Triatoma infestans hujenga makao ndani ya kuta za udongo na kuuma familia ile ile kila usiku kwa miaka, T. rubida mara nyingi ni mgeni wa usiku mmoja.

Si kwamba kimelea hakipo. Utafiti wa Tucson uliochapishwa mwaka 2010 ulipima kunguni 164 waliokusanywa ndani na kandokando ya nyumba, na asilimia 41.5 walikuwa nacho. Takwimu hiyo husambazwa sana kwa vitisho. Isome pamoja na ya pili: wagonjwa waliothibitishwa kuambukizwa na kunguni ndani ya Marekani ni wachache mno wakilinganishwa na idadi ya watu wanaoumwa.

Kimelea hupita pia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, kwa damu, kwa kiungo kilichopandikizwa, na kwa chakula kilichochafuliwa na kunguni. Hatua ya kwanza ya ugonjwa huchukua kama miezi miwili, mara nyingi kwa homa ndogo au bila dalili; kope la jicho moja likivimba baada ya kinyesi kuingia jichoni, hiyo ni ishara inayojulikana. Bila matibabu kimelea hubaki mwilini, na asilimia 20 hadi 30 ya walioambukizwa hupata madhara makubwa baadaye, hasa ya moyo, na wengine ya umio na utumbo.

Nani anapaswa kupimwa, na lini?

Muone daktari ukipata homa au uvimbe wa kope ndani ya wiki chache baada ya kuumwa, ukiwa umeumwa mara nyingi, au kama kunguni aliyekuuma amepimwa akakutwa na kimelea. Mjamzito aliyewahi kuumwa, au aliyekulia maeneo yenye Chagas ya Amerika ya Kilatini, alitaje hilo kliniki.

Kupima kingamwili asubuhi ya pili ni kupoteza damu bure; mwili haujazitengeneza bado. Katika wiki za mwanzo hutafutwa kimelea chenyewe kwenye damu, kwa darubini au kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Baadaye hutafutwa kingamwili, na jibu huhitaji vipimo viwili vya aina tofauti vinavyokubaliana, kwa sababu kimoja peke yake hudanganya mara kwa mara.

Dawa ni mbili: benznidazoli na nifurtimoksi, kwa kawaida kwa siku 60. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2017 na ya pili mwaka 2020, zote kwa watoto. Madaktari huzitumia kwa watu wazima pia. Hufanya kazi vizuri zaidi mapema.

Nimemkuta ukutani. Nimkamateje?

Usimponde, wala kwa kiatu. Ukimponda unasambaza kinyesi chenye uwezekano wa kimelea, na unaharibu sampuli.

Mfunike kwa glasi au kopo, telezesha karatasi ngumu chini yake, geuza, funga. Njia nyingine ni kuvaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, kumshika na kuugeuza mfuko. Kisha mgandishe usiku kucha, au mtumbukize kwenye spiriti ya asilimia 70. Aliyegandishwa au kukaushwa bado anapimika. Andika juu ya kopo tarehe na mahali hasa: "chumba cha kulala, ukutani, sentimita 30 juu ya kitanda" ni maelezo yenye thamani; "nyumbani" si maelezo.

Alipopita pafute kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji, ukiwa na glavu. Idara ya afya ya jimbo au kaunti ndiyo itakayokueleza kama wanapokea sampuli.

Nikiona mmoja, wako wengi?

Inategemea ana mabawa au hana. Mkubwa mmoja au wawili mwezi wa Juni ni wageni waliofuata taa. Tunutu ndani ya nyumba ni habari nyingine kabisa: hawezi kuruka, kwa hiyo ama ameanguliwa humo humo au ametembea kutoka karibu sana. Kagua dari, chini ya sakafu, stoo, banda la mbwa lililoegemea ukuta, na mahali popote panapoweza kuwa na panya. Madoa madogo meusi na meupe ukutani karibu na kitanda nayo ni dalili ya kunguni aliyekaa zaidi ya usiku mmoja.

Nizibe wapi ili asiingie?

Kipimo rahisi ni mwanga. Usiku, mtu mmoja abaki ndani gizani, mwingine azunguke nje na tochi kali akimulika kingo za milango na madirisha. Kila palipopenya mwanga, weka alama ya chaki.

Milango ndiyo ya kwanza. Funga ukanda wa mpira au brashi chini ya mlango, na ugusane na kizingiti kwa urefu wote. Kasoro ya kawaida iko kwenye pembe mbili za chini, ambako ukanda umekatwa mfupi kwa sentimita moja. Kunguni bapa hapo anapita wima. Mlango wa gereji unaoingia nyumbani husahauliwa kuliko yote.

Madirisha yawe na wavu wenye matundu ya milimita 1.5 au chini, usiochanika, na fremu yake ikae imara. Nyumba nyingi za jangwani hutumia kipoza hewa cha maji, ambacho kinahitaji dirisha liachwe wazi kidogo ili hewa itoke. Watu hukagua madirisha wanayofungua kwa kupenda, wakasahau lile linalokaa wazi msimu mzima. Likague hilo kwanza. Mifereji ya kipoza hewa, dohani na matundu ya hewa ya darini yafungwe wavu wa chuma.

Matundu ya mabomba na nyaya yazibe kwa silikoni. Pakubwa kuliko kidole, jaza kwanza sufi ya chuma, maana panya hutafuna silikoni tupu.

Taa za nje: zima, au tumia za kuwaka mtu anapopita tu, zenye mwanga wa manjano. Taa iliyo juu kabisa ya mlango wa kuingilia ni mbaya kuliko zote. Ihamishie kwenye nguzo mbali na mlango, ielekezwe nyumbani. Shusha mapazia giza linapoingia.

Kitanda kikae sentimita 15 hivi mbali na ukuta, shuka zisiburute sakafuni. Anayelala na mzio unaojulikana atumie chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Ni kinga ya bei ndogo kuliko yoyote kwenye ukurasa huu, na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Kuna kiota cha panya hatua chache kutoka ukutani. Nikibomoe?

Ndiyo, lakini kwa mpangilio. Anayekurupuka na koleo mwezi wa Juni hufukuza panya, huwaacha kunguni wote bila mwenyeji, na wao huelekea kwenye joto na pumzi iliyo karibu zaidi, yaani chumba chako cha kulala.

Fanya kazi hii majira ya baridi, Desemba hadi Februari, kunguni wakiwa wamezubaa. Ziba nyumba kwanza. Kisha tega panya kwa usiku kadhaa mfululizo hadi mitego isinase kitu. Ondoa lundo mara tu baada ya hapo. Usiliache tupu wiki tatu.

Vaa glavu ngumu za ngozi, viatu vya buti, miwani na barakoa ya N95, kwa kuwa panya wa pori wanaweza kubeba virusi vya hanta na vumbi la mkojo wao huvutwa puani. Nyunyizia lundo mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji hadi lilowe, subiri dakika 5, ondoa tabaka la juu kwa reki yenye mpini mrefu, nyunyiza tena, endelea hivyo tabaka kwa tabaka. Usitie mkono: nyoka kayamba, nge na buibui hupenda makao hayo hayo. Usitumie kipulizaji cha majani wala kufagia pakavu. Tia taka kwenye mifuko miwili, funga. Usichome moto lundo lililo kwenye shina la mti. Moto wa jangwani hausubiri ruhusa.

Mwisho fukia mashimo, pogoa matawi ya dungusi yaliyogusa ardhi, na sogeza kuni, mawe na mabati mbali na nyumba. Gari bovu lililosimama muda mrefu ni kiota kinachongoja mwenyewe: fungua boneti uangalie.

Dawa ya kupuliza inatosha?

Peke yake, hapana. Mabomu ya moshi hayafiki ndani ya nyufa walikojificha. Chambo cha mende hakifai kabisa, kwa kuwa mdudu huyu hali chambo, ananyonya damu. Dawa za kundi la pairethroidi zinazobaki ukutani, zikipakwa na fundi mwenye leseni kwenye nyufa na kingo za milango, husaidia pale tunutu wamepatikana. Kwa mgeni wa usiku mmoja hazibadilishi mengi, kwa sababu kesho ataruka mwingine kutoka kiota kile kile.

Mbwa wangu yuko hatarini?

Kuliko wewe, hasa akilala nje. Mbwa huumwa, na zaidi ya hapo humla kunguni, na kula ndiyo njia rahisi ya kupata kimelea. Mlaze ndani wakati wa msimu, kung'uta na kufua matandiko yake kila wiki kwa maji ya moto, inua banda kutoka ardhini na libandue kutoka ukutani. Mbwa aliyezoea kukimbia akaanza kuchoka, kuvimba tumbo au kuzirai apelekwe kwa daktari wa wanyama, na utaje kunguni wazi wazi.

Na kambini?

Hema lenye sakafu iliyoshonwa na zipu inayofunga hadi mwisho. Kabla ya kulisimamisha, zunguka eneo ukiwa bado na mwanga. Ukiona lundo la vijiti na vipande vya cholla, hama. Taa ining'inie mbali na mlango wa hema, na uingiapo izime kwanza, kisha fungua zipu. Kulala nje juu ya mkeka mwezi wa Juni katika eneo hili hatukushauri mtu, hata kama anga linavutia.

Basi niue kila kunguni muuaji ninayemwona bustanini?

La. Zelus renardii, mwembamba wa kijani au kahawia, hula wadudu waharibifu mchana kutwa. Apiomerus flaviventris huvizia nyuki juu ya maua, na mambo yake yanastahili kutazamwa kwa lenzi: jike hukwangua ulimbo kutoka kwa mimea ya jangwani kama Encelia farinosa, huubeba tumboni, na huupaka mayai yake ili sisimizi wasiyaguse. Tunutu wakianguliwa huchota ulimbo ule ule wakaupaka miguu ya mbele, ili windo linate.

Hao hawaingii kitandani. Kama yuko mahali pabaya, mhamishe kwa glasi na karatasi kama ilivyoelezwa juu. Ukimshika kwa vidole atajitetea, na hutahitaji kipimo chochote kujua kwamba umeumwa.